Undugu wa Kwenye Boksi

Mwaka 1893, watu waliomiminika kwenye Maonyesho ya Dunia mjini Chicago walikuta pipa la unga refu kupita nyumba. Mbele ya pipa hilo alisimama mwanamke mweusi wa miaka hamsini na tisa, kitambaa kichwani, aproni kiunoni, akikaanga chapati za maji na kuwagawia wapita njia. Huku mikono ikifanya kazi, mdomo nao ulikuwa kazini. Aliimba, akacheka, akasimulia jinsi maisha yalivyokuwa matamu zamani katika mashamba makubwa ya Kusini, enzi za utumwa. Wageni waliondoka na beji zenye picha yake na maneno ya kutangaza kwamba amefika mjini. Maneno hayo yaliandikwa kwa Kiingereza kilichovunjwa makusudi, ili msomaji acheke kabla hajamaliza kusoma.

Jina kwenye beji lilikuwa Aunt Jemima. Mwanamke mwenyewe aliitwa Nancy Green. Alizaliwa mtumwa huko Kentucky mwaka 1834, na jimbo hilo halikuacha utumwa mpaka Katiba ya Marekani ilipobadilishwa Desemba 1865. Kwa hiyo alipopata uhuru alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na moja. Yote aliyoyajua juu ya utumwa aliyajua kwa mwili wake. Sasa alilipwa asimulie utumwa usio na mjeledi wala mnada.

Mbali kidogo na pipa lile, katika jengo la Haiti, alikuwepo mzee mwingine aliyezaliwa mtumwa. Huyo ni Frederick Douglass, aliyewahi kuwa balozi wa Marekani nchini Haiti, na ambaye Wahaiti walimpa heshima ya kuwawakilisha kwenye maonyesho. Nchi yake mwenyewe haikumpa nafasi. Pamoja na mwandishi Ida B. Wells na wenzao wawili, Douglass alitoa kijitabu cha kueleza kwa nini Mmarekani mweusi hakuonekana katika maonyesho yale. Humo waliandika juu ya sheria za ubaguzi, juu ya wafungwa waliokodishwa kama ng'ombe wa kulimia, juu ya watu waliouawa na makundi ya wazungu bila kesi wala hukumu. Wells alikaa katika jengo hilo akikigawa kwa mkono. Katika uwanja mmoja, majira yaleyale, mgeni angeweza kuondoka na kijitabu au na beji. Ushindani huo haukuwa wa haki.

Mswahili anaposikia jina Aunt Jemima kwa mara ya kwanza huenda asione tatizo. Atalitafsiri Shangazi Jemima, na moyo wake utatulia. Shangazi si mtu wa kuchezewa. Ndiye dada wa baba, mwenye kauli katika posa na mahari, anayekaa na bi harusi chumbani kumfunda, anayeweza kumkemea kaka yake mbele ya watoto na kaka akanyamaza. Mjomba naye ana uzito wake. Kuna ndoa zilizokwama kwa sababu tu mjomba hakushirikishwa. Hata kwa mgeni njiani, anayemwita mama wa watu shangazi anajifunga mwenyewe, kwa maana ameshakubali kuwa mtoto wake, na mtoto huamkia, hupokea mzigo, huinuka kwenye kiti.

Ndiyo maana tafsiri hiyo inapotosha. Katika majimbo ya Kusini ya Marekani, jina hilohilo la ukoo liligeuzwa ndani nje. Mzungu wa huko alikuwa na maneno mawili ya adabu, moja la kumwita mwanamume Bwana Fulani, jingine la kumwita mwanamke Bibi Fulani, na maneno hayo mwiko wake ulikuwa mmoja: hayakutamkwa kwa mtu mweusi. Mwanamume mweusi aliitwa mvulana tangu utotoni hadi ndevu zitoke na zianze kuota mvi. Akishazeeka mno hata neno mvulana likawa kichekesho, alipandishwa cheo akawa mjomba. Mwanamke mweusi aliitwa msichana, kisha siku moja, bila kupitia ubibi, akawa shangazi. Neno la undugu lilitumika kuziba tundu ambalo heshima ingepitia. Na aliyelitamka hakujifunga kwa lolote. Hakuamkia, wala hakuinuka kwenye kiti.

Ukoo huo wa bandia ndio uliopelekwa dukani.

Mwaka 1888, katika mji wa St. Joseph, jimbo la Missouri, Chris Rutt na mwenzake Charles Underwood walinunua kinu cha unga kilichoitwa Pearl Milling Company. Soko la unga lilikuwa limefurika, nao wakabuni unga wa chapati za maji uliokwisha changanywa kila kitu, mpishi asipate taabu ya kupima. Bidhaa ilikuwa mpya, jina haikuwa nalo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1889 Rutt aliingia kwenye ukumbi wa maigizo, akawaona waigizaji wazungu waliojipaka masizi usoni, mmoja wao kavaa aproni na kitambaa chekundu kichwani, wakiimba wimbo uliojulikana kwa jina la Old Aunt Jemima. Ukumbi ulishangilia. Rutt akatoka na jina.

Wimbo huo una kisa chake. Aliyeufanya uvume, tangu miaka ya 1870, ni Billy Kersands, mchekeshaji na mwimbaji mweusi ambaye naye alilazimika kujipaka masizi ili apate jukwaa. Katika beti zake yalikuwemo malalamiko ya mtumwa aliyeahidiwa na bibi aliyemmiliki kwamba bibi akifa yeye atakuwa huru. Bibi akaishi, akaishi, akakataa kufa. Hayo ni machungu yaliyofichwa ndani ya kicheko, na Waswahili wanaojua kazi ya mafumbo katika taarabu wataelewa mara moja lililokuwa likisemwa. Rutt hakuelewa, au hakujali. Aliuacha ubeti, akachukua kitambaa.

Biashara ilimshinda, na mwaka 1890 kinu na jina vikauzwa kwa R. T. Davis. Davis ndiye aliyeongeza maziwa ya unga ili mpishi ahitaji maji tu, na ndiye aliyefikiri zaidi ya picha. Alitaka mtu mwenye pumzi. Akampata Nancy Green, aliyekuwa akifanya kazi za upishi na ulezi katika nyumba ya familia moja ya Chicago, akamweka mbele ya pipa. Kufikia mwaka 1914 jina la kuigiza lilikuwa limelimeza la kampuni yenyewe, nayo ikajiita Aunt Jemima Mills.

Hapo ndipo walipoingia mafundi wa matangazo. James Webb Young wa kampuni ya J. Walter Thompson alimtungia Jemima maisha kamili: mtumwa mwaminifu wa Kanali Higbee wa Louisiana, mpishi ambaye siri ya chapati zake ilitamaniwa mto Mississippi mzima. N. C. Wyeth, mchoraji mwenye jina kubwa wakati huo, alichora picha za rangi, na kurasa nzima zikachapwa katika magazeti ya akina mama kama Ladies' Home Journal. Kanali Higbee hakuwahi kuishi. Jemima naye hakuwahi kuishi. Lakini mama wa nyumbani wa kaskazini, ambaye hakuwa na uwezo wa kuajiri mpishi, aliuziwa kwa senti chache mpishi aliyekunjwa ndani ya boksi, asiyechoka, asiyedai mshahara, asiye na watoto wake wa kuwarudia jioni. Unga ulikuwa kisingizio. Kilichouzwa hasa ni hisia ya kumiliki mtu.

Mwaka 1923 mambo mawili yalitokea. Mwezi Februari, Baraza la Seneti la Marekani liliidhinisha kujengwa mjini Washington sanamu ya kumkumbuka yaya mweusi mwaminifu wa enzi za utumwa. Waliolisukuma jambo hilo walikuwa Mabinti wa Muungano wa Kusini, chama cha wanawake wa kizungu waliotokana na wapiganaji wa upande uliotetea utumwa. Wanawake weusi walikuja juu. Mary Church Terrell, binti wa wazazi waliokuwa watumwa, aliandika kukumbusha kwamba yaya huyo wa kusifiwa alinyimwa haki juu ya watoto wake mwenyewe. Magazeti ya weusi yalishambulia mpango huo wiki baada ya wiki, ukafia katika Baraza la Wawakilishi. Kisha mwishoni mwa Agosti, Nancy Green, akiwa na umri wa miaka themanini na tisa, alisimama kando ya barabara mjini Chicago. Gari liligongana na lori, likarushwa hadi pale alipokuwa, likamuua. Alizikwa katika makaburi ya Oak Woods bila jiwe la kumtambulisha.

Chapa haikufa naye. Mwaka 1926 ilinunuliwa na Quaker Oats, na wanawake wengine wakavalishwa kitambaa kilekile. Anna Robinson alikuwa Jemima katika maonyesho mengine ya Chicago mwaka 1933. Lillian Richard wa Texas alizunguka na sahani na kikaango miaka mingi. Anna Short Harrington alikaanga mbele ya umati kwenye maonyesho ya New York. Walipokezana jina kama watu wanaopokezana sare ya kazi, na mteja hakuhitaji kujua kwamba waliobadilika ni watu.

Jemima alikuwa na jamaa zake madukani. Rastus alikuwa mpishi mwenye kofia nyeupe kwenye uji wa ngano wa Cream of Wheat, ulioanza kuuzwa mwaka huohuo wa 1893. Jina lenyewe lilikuwa la kejeli waliyopewa wanaume weusi katika maigizo ya masizi. Uso wake wa baadaye unaaminika kuwa wa Frank White, mzaliwa wa Barbados, mpishi hodari aliyepigwa picha Chicago karibu na mwaka 1900. Kisha katika miaka ya 1940 akaja Uncle Ben, mzee mwenye shati jeupe na tai ya kipepeo kwenye pakiti za mchele. Kampuni ilisema jina ni la mkulima mweusi wa Texas aliyesifika kwa mchele wake, na sura ni ya Frank Brown, mhudumu mkuu katika mgahawa mmoja wa Chicago. Mkulima aliyesifika kwa mazao, mhudumu aliyefikia cheo cha juu katika kazi yake, na wote wawili wakabaki mjomba.

Habari hizi zinapozungumzwa leo, mara nyingi husemwa kwamba zamani hakuna aliyeumia, na kwamba malalamiko ni ya kizazi cha sasa chenye ngozi laini. Kumbukumbu zinakataa. Mwaka 1932 Paul Edwards, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Fisk, alichapisha utafiti juu ya wanunuzi weusi wa miji ya Kusini. Aliwaonyesha matangazo ya Aunt Jemima, akawauliza maoni. Wengi hawakuyapenda, na walitaja sababu zao waziwazi, kikiwemo kile kitambaa kichwani. Walioulizwa ni vibarua na watu waliosoma, si tabaka moja. Majibu yalikuwepo kitabuni, yamepangwa, yamehesabiwa. Boksi liliendelea kuchapwa.

Aliyelibeba jambo hili la kuitwa kwa heshima hadi mahakama ya juu kabisa hakuwa na habari ya unga. Juni 1963, Mary Hamilton, mwanaharakati wa haki za raia, alipanda kizimbani mjini Gadsden, Alabama. Alipoulizwa jina alijibu kwamba anaitwa Bi Mary Hamilton. Mwendesha mashtaka akaendelea kumwita Mary. Hamilton akasema hatajibu swali lolote mpaka aitwe inavyostahili, kama mashahidi wazungu walivyoitwa. Jaji akamwamuru ajibu, akakataa. Hukumu ilikuwa siku tano jela na faini ya dola 50 kwa kuidharau mahakama. Alizitumikia siku zake, faini akagoma kuilipa, na kesi ikapanda ngazi kwa ngazi. Mwezi Machi 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu hiyo. Kesi nzima, pamoja na mawakili wake wote na gharama zake zote, ilikuwa juu ya neno moja dogo linalotangulia jina la mwanamke.

Miaka minne baadaye, huko Memphis, wazoa taka wawili walisagwa ndani ya lori bovu la takataka, na wenzao zaidi ya elfu moja wakagoma. Waliandamana na mabango yaliyosema tu kwamba mimi ni mwanamume, mtu mzima. Wengi wao walikuwa na wajukuu. Walikuwa wakiitwa wavulana kila asubuhi walipofika kazini.

Afrika ya Mashariki inalijua neno hilo, boy kwa Kiingereza, bila kwenda Memphis. Lilikuja na wakoloni, likapewa herufi za Kiswahili, likawa boi. Katika nyumba za walowezi wa Kenya na za maofisa wa Tanganyika, mwenye nyumba alikuwa bwana, mkewe memsahibu, na mwanamume wa miaka hamsini aliyewapikia na kuwafulia alikuwa boi. Kongo ya Wabelgiji nako alikuwa boyi. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambao sasa unaitwa Lubumbashi, mmoja wa watu hao, André Yav, aliandika kwa Kiswahili historia ya mji ule kama ilivyoonekana kutoka jikoni na uani, kwa niaba ya wenzake waliokuwa watumishi wa nyumbani. Ni maandishi adimu. Waliotazamwa miaka yote kama sehemu ya samani walikuwa wakiona, wakisikia na kuweka kumbukumbu.

Bendera zilibadilika, neno likabaki. Hausiboi, hausigeli na shambaboi bado ni majina ya kazi mijini, na anayeyatamka hafikirii kwamba anamwita mtu mzima mtoto. Dar es Salaam msichana wa kazi huitwa dada, mitaani kwa mzaha beki tatu; Nairobi nyumba nyingi humwita anti. Dada na anti ni maneno mazuri, na zipo nyumba ambamo yana maana yake kamili. Lakini zipo pia nyumba ambamo mtoto wa miaka sita anamwamuru dada alete maji bila tafadhali wala shikamoo, na wazazi wanasikia. Dada huyo hali mezani pamoja na ndugu zake, na mara nyingine hata jina lake la pili halijulikani. Rangi ya ngozi haimo katika jambo hili. Kilichomo ni ule ufundi wa kumwita mtu ndugu ili asidai vya ndugu wala vya mfanyakazi.

Marekani, jina la Jemima liliishia kuwa tusi hata baina ya weusi wenyewe, la kumwambia mwanamke kwamba anajipendekeza kwa wazungu. Mwaka 1972 msanii Betye Saar aliamua kumkomboa. Alichukua kikaragosi cha yaya kilichouzwa kama kishikio cha karatasi za jikoni, akamwacha na ufagio wake katika mkono mmoja, mkono wa pili akampa bunduki, na nyuma yake akapanga nyuso za chapa ya unga safu kwa safu. Yule mama anatabasamu vilevile, ila mtazamaji hana tena uhakika anatabasamia nini.

Kampuni nayo ilijaribu kumbadilisha, kwa mwendo wa kinyonga. Mwaka 1968 alipunguzwa unene na kitambaa kikageuzwa utepe. Mwaka 1989, alipotimiza miaka mia, utepe uliondolewa, akatengenezwa nywele, akavishwa hereni za lulu. Uncle Ben mwaka 2007 alitangazwa kuwa mwenyekiti wa kampuni, katika ofisi ya kuchorwa. Hereni na ofisi hazikugusa kilichouma, kwa kuwa shangazi alibaki shangazi na mjomba akabaki mjomba. Hawakupewa majina ya ukoo hata siku moja.

Mei 2020 polisi wa Minneapolis alimuua George Floyd, na barabara zikajaa. Juni 17, Quaker, ambayo tangu mwaka 2001 ilikuwa mali ya PepsiCo, ilikiri kwamba chimbuko la Aunt Jemima ni dhana ya kibaguzi, ikatangaza kumwondoa. Mwenye mchele alifuata. Septemba mzee wa tai aliondoka na chapa ikawa Ben's Original. Cream of Wheat ikamtoa mpishi wake. Mwaka 2021 boksi la unga lilirudi madukani na jina la Pearl Milling Company, lile la kinu cha St. Joseph kabla Rutt hajaingia ukumbini.

Haikuwa faraja kwa kila mtu. Wajukuu na vitukuu wa baadhi ya wanawake waliovaa kitambaa walisema wazi kwamba bibi zao wanafutwa mara ya pili. Lillian Richard, kwa mfano, alikuwa mtu wa kujivunia kwao: mji wa Hawkins, Texas, ulijipatia sifa ya makao makuu ya chapati za maji ya jimbo kwa sababu yake. Alikuwa mwanamke mweusi aliyepata mshahara na kuona miji wakati ambapo milango mingine ilifungwa. Familia ya Anna Harrington ilikwenda mahakamani mwaka 2014 kudai malipo ya sura na jasho lake, ikashindwa. Hoja yao haijibiwi kwa kubadilisha boksi. Uso uliondolewa kwenye rafu, lakini senti zilizopatikana kwa uso huo zilibaki zilipo.

Frank White wa Cream of Wheat alikufa mwaka 1938 na kuzikwa katika mji mdogo wa Leslie, Michigan, bila alama yoyote kaburini. Picha iliyoaminika kuwa yake ilikuwa mezani kwa mamilioni ya watu kila asubuhi. Alipata jiwe mwaka 2007, lenye jina lake na ile sura ya kwenye boksi. Huko Chicago, Sherry Williams wa chama cha historia cha mtaa wa Bronzeville alitumia miaka mingi kulitafuta kaburi la Nancy Green na kupata ridhaa ya ndugu wa damu. Septemba 5, 2020, miezi michache baada ya chapa kutangazwa kustaafu, watu walikusanyika makaburini Oak Woods. Kaburi lilikuwa limekaa miaka tisini na saba bila jina. Siku hiyo liliwekewa jiwe.